Kiberiti Chini ya Bawa

"Hii ya mtoto gani?" Shemeji huliuliza swali hilo kwa wema kabisa, hajakaa wala hajapewa maji, huku ameishika ndege ya mfano kwa ncha ya bawa, mahali ambapo hata aliyeiunda hathubutu kupashika. Jibu la kweli ni kwamba ni ya baba mwenye nyumba, mwenye miaka arobaini na ushee na mvi mbili tatu, ila hakuna koo la kiume linaloweza kulitoa jibu hilo bila kukohoa kwanza. Lugha yenyewe haimsaidii. Kamusi zinatupa neno uraibu kwa jambo mtu analolipenda na kulifanya kwa kujifurahisha, lakini leo ukilisikia redioni ujue nyuma yake inakuja bangi, kamari au gongo. Kwa hiyo anayeunda ndege za mfano anachagua kati ya mawili: ama ana kitu cha kuchezea, ama ana tatizo linalohitaji ushauri nasaha. Nakiri nami niko kizimbani. Utetezi wangu ni mmoja tu, kwamba hati ya mashtaka imekosewa. Tunashtakiwa kwa utoto, kwa kupoteza muda na kwa kupoteza fedha, wakati kosa letu halisi ni uvamizi wa meza.

Nyumba ya kawaida huku juu mkoani Kigoma, iwe Kasulu au Kibondo, ina meza moja inayostahili jina hilo. Juu yake hupita ugali wa muhogo, madaftari ya watoto, pasi ya mkaa, wageni na Biblia au Msahafu. Sasa tuchukue Bombardier Q400 ya Air Tanzania, ile ya mapangaboi mawili, tuipunguze kwa kipimo cha moja kwa 72. Kipimo hicho si cha ajabu. Kilitoka kwa Waingereza waliotaka mtu wa futi sita awe na inchi moja, na ndio urefu anaobaki nao baba mwenye nyumba shemeji akishauliza swali lake. Ndege yenye urefu wa karibu mita 33 inakuwa na sentimita 46 hivi, na kutoka ncha ya bawa hadi ncha inakaribia 40. Hilo ni eneo la sinia. Vitu viwili vyenye ukubwa wa sinia haviwezi kukaa kwenye meza moja saa ya chakula, na ndege hailiwi.

Watu wasioijua gundi hudhani jambo hili linamalizika kwa kuitoa ndege chakula kikija. Gundi nyeupe ya seremala hukauka kwa kupoteza maji: mengine yanaingia ndani ya mbao, mengine yanaondoka na hewa, na chembe za gundi zinabaki zimekumbatiana. Nusu saa inatosha kushika, ila nguvu kamili inataka siku nzima. Wakati wa mvua, ambazo huku huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Mei, hewa imeshiba maji na haina pa kuyaweka mengine, basi siku moja inakuwa siku na nusu. Supaglu ni kinyume chake kabisa. Yenyewe haingoji kukauka. Unyevu ndio unaoigandisha. Tone likigusa jasho kidogo tu, chembe zake zinashikana mikono kama watu wa msafara, ndiyo maana hubana vidole upesi kuliko inavyobana mbao kavu. Masika moja, gundi mbili, moja inazembea na nyingine inakurupuka. Gundi ya tatu ni uji wa muhogo, ya bure na inashika karatasi vizuri sana, lakini mende na panya wanaihesabu kuwa chakula, na hawakosei. Tukirudi kwa seremala: chakula cha usiku kikiondolewa saa 3 na chai ikiandaliwa saa 12 asubuhi, meza ina saa 9 za uhuru. Gundi inataka 24. Zile 15 zilizobaki ndizo ndoa.

Na gundi ni nusu ya shauri. Nusu ya pili ni pembe. Mabawa ya ndege nyingi ndogo hayalali tambarare, yanainuliwa kidogo kuelekea ncha hadi yanafanya herufi V iliyochoka. Sababu yake inapendeza kiasi cha kumkosesha mtu usingizi. Ndege ikiinama upande mmoja huanza kuteleza kuelekea upande huo, na hapo hewa inalikuta bawa la chini kwa pembe kubwa kuliko la juu. Bawa la chini linapata nguvu zaidi ya kunyanyuka, linapanda, na ndege inakaa sawa yenyewe, bila rubani, bila kompyuta, bila mtu kuikemea. Ni adabu iliyojengwa ndani ya umbo, na ningependa kuiona kwa viumbe wengine. Ila adabu hiyo inataka ncha mbili ziwe zimeinuliwa sawasawa muda wote gundi inapokauka. Zikipishana kwa punje ya mtama, ndege itazunguka kushoto maisha yake yote kama mbuzi aliyefungwa kigingini. Kwa hiyo unahitaji vitu viwili vyenye kimo kimoja, na katika nyumba nzima kitu cha uhakika wa namna hiyo ni kiberiti. Kikilazwa kina kimo chake, kikisimamishwa kwa ubavu kina kimo cha pili, kikisimama wima kina cha tatu, na kiwanda kimekwisha kuhakikisha kwamba kila ndugu yake anafanana naye. Viberiti viwili chini ya mabawa mawili ni karakana kamili. Tatizo ni kwamba kiberiti kiliumbwa kwa kazi nyingine, na mwenye kazi hiyo huamka saa 11 alfajiri kuwasha jiko, gizani, akipapasa. Anachukua kimoja. Laiti angechukua vyote viwili! Mabawa yote yangelala chini, pembe ingepotea, lakini ulinganifu ungebaki na ndege ingeruka kwa namna fulani. Kuchukua kimoja ndiko kunakoua, maana bawa moja linainama na jingine linabaki limeinua mkono kama mwanafunzi anayejua jibu, na kufikia saa ya chai gundi imeshakata shauri. Huwezi kumlaumu mtu huyo. Nani huchukua viberiti viwili kuwasha jiko moja?

Atakayesema haya ni mambo ya Wazungu wenye nafasi, na kwamba Mkoa wa Kigoma hauhusiki na vitu vya kuunganishwa vipande vipande, ashuke Ziwa Tanganyika. Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, kiliijenga meli Graf von Götzen, kikaifungua tena, kikaipanga katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yalikuja kwa bahari hadi Dar es Salaam, yakapanda reli ya kati, na mafundi watatu kutoka kiwandani wakaja nayo. Kigoma wakaanza upya, ribiti baada ya ribiti, mpaka Februari 1915 meli ya zaidi ya mita 70 ikaingia majini. Yeyote aliyewahi kufungua boksi la ndege ya mfano akakuta gurudumu moja halipo anaweza kukaa kimya dakika moja akiyafikiria masanduku 5,000. Juni 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, zikaja ndege za Wabelgiji, za aina ya Short zenye kutua juu ya maji, nazo zilikuwa zimesafirishwa kwa vipande hadi upande wa pili wa ziwa. Zilivuka zikaidondoshea Kigoma mabomu, na shabaha yao kubwa ilikuwa meli ileile, ambayo mzinga wake ulikuwa umeng'olewa kwenda kusaidia vita vya nchi kavu, na mahali pake pamesimikwa mzinga wa mbao. Yaani ndege za boksi zilivuka Tanganyika kupambana na mzinga wa kuchonga. Sijui ushahidi ulio bora kuliko huo dhidi ya wanaosema kitu cha mfano hakina kazi. Mzinga ule haukuwahi kufyatua risasi na bado ulipigwa mabomu kwa heshima zote. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha meli wenyewe, karibu na mlango wa mto Malagarasi, lakini wale mafundi watatu walitangulia kuipaka mitambo grisi nzito, maana mtu aliyeunganisha kitu kwa mikono yake hawezi kukiharibu kwa moyo wote. Waingereza waliiibua 1924, na tangu 1927 tunaijua kwa jina la Liemba. Nisichotaka kisahaulike katika sifa zote hizo ni kwamba mafundi wale walikuwa na ufuo mzima wa Kigoma. Hakuna aliyewaambia wasogeze usukani kwa sababu migebuka imeiva.

Pingamizi zito zaidi ni la ndugu Wright, wale wa ndege ya kwanza yenye injini, kwani wao walifanya sehemu ya kazi yao nyumbani, ndani ya familia, na hawakushindwa. Mwaka 1878 baba yao aliwaletea kitoto cha helikopta cha gome jepesi, mwanzi, karatasi na mpira wa kuzungusha. Kikavunjika, wakaunda vingine. Mama yao, Susan, alikuwa na mkono mwepesi wa kutengeneza vitu na aliwaundia watoto wake vya kuchezea. Mwishoni mwa 1901 walijaribu mabawa madogo ya mfano yapatayo 200 ndani ya sanduku la upepo, na bila vijibawa vile Desemba 1903 isingekuwa na la kusimulia. Yote kweli. Lakini tazama kwanza kwamba hakuna aliyeoa kati ya Wilbur na Orville, jambo ambalo watetezi wetu hulipitia haraka sana. Pili, tazama nani alikuwa na nyumba. Mama alifariki 1889 na mzigo wa nyumba ukamwangukia dada yao, Katharine, ambaye baadaye alikuwa pia mwalimu wa Kilatini. Mwaka 1902 alimwandikia baba yao kwamba Will anazungusha cherehani saa nzima nzima, Orv amechuchumaa anapiga alama kwenye kitambaa cha mabawa, na ndani ya nyumba hapajabaki mahali pa kuishi. Karne moja na zaidi imepita na barua hiyo ingeweza kuandikwa na mke yeyote wa Kasulu. Orville alipoanguka na ndege 1908, Katharine aliacha darasa akaenda kumuuguza. Na alipoolewa 1926, akiwa na miaka 52, kaka mtu alimsusa, akaacha kusema naye, akaja kumwona 1929 dada akiwa mahututi. Hapo ucheshi unanikauka. Mtu aliyevumiliwa nyumba nzima igeuzwe karakana alishindwa kumvumilia dada yake awe na nyumba yake. Kwetu mfano ni mpole zaidi: Chris Nsamba wa Uganda, aliyevuma 2011, ndege yake African Skyhawk aliijenga uani kwa mama yake jijini Kampala. Gazeti humwita mbunifu. Mimi nafikiria kamba ya kuanikia nguo ya mama yule, ilihamishiwa wapi.

Kuhusu fedha na muda sitakaa sana. Boksi ni la bure, bua la mtama ni la bure, wembe na msasa havijafilisi mtu. Saa zinazokwenda kwenye bawa ni chache kuliko zinazokwenda kibanda umiza kila Jumamosi kutazama ligi ya Uingereza, na mwanamume anayeweka mkeka wa kubeti, ukachanika, akaweka mwingine, haulizwi ni wa mtoto gani. Madhara mengine ya nyumbani ni madogo na hayahitaji nadharia: kuku hula mkia, mtoto hukalia usukani, rangi ya fedha huishia kwenye kucha za binti na kumpendeza kuliko ilivyoipendeza ndege.

Ila neno mkeka limeniponyoka na sasa linanidai. Kuna mkeka wa pili, unaosukwa kwa mikono, na anayeusuka huchagua rangi, huhesabu miaa, hukosea, hufumua, hurudia, akiwa na furaha ileile ya mtu anayetafuta pembe ya bawa. Hakuna anayeuita uraibu wake. Huitwa kazi za mikono, huandikwa kwenye kikundi cha akina mama, na thamani yake hupimwa kwa bei utakayouzwa. Wala hausukwi mezani. Unasukwa chini, kando ya mlango, na kila anayepita unasogezwa. Baba anadai saa 24 za meza na kuona ameonewa akipewa 9. Mama hajawahi kuomba hata moja. Nilikuja kutetea washtakiwa na naona shahidi wangu mwenyewe amegeuka upande wa mashtaka.

Wapo wanaonishauri jambo jepesi: seremala wa sokoni atengeneze meza ya pili. Nimelipima shauri hilo kwa makini. Meza ya pili itaingia Jumatatu, itafutwa vumbi, itasifiwa. Jumanne mtu ataweka thermosi juu yake kwa muda mfupi tu. Jumatano litafika debe la maharage ya kuchambua, kwa sababu maharage yanataka mahali tambarare penye mwanga wa dirisha, sifa zilezile zilizomfanya fundi apange meza ikae pale. Nadhani Alhamisi shemeji atakuja, atavuta kiti, ataanza kuchambua naye, na kwa sababu anapenda kupanga vitu atatafuta pa kuweka mawe anayoyatoa. Pale ubavuni kutakuwa na kiberiti kimoja, kitupu nusu, hakifanyi kazi yoyote inayoonekana.