Sifa za Mtihani Usio na Gredi

Mtihani wa KCSE una wasemaji wengi. Una waziri wake, una kontena lenye kufuli mbili, una askari wenye bunduki mlangoni. Mtihani wa kuingia Girl Guides hauna hata wa kuusindikiza, na mimi leo nimejitolea kuwa wakili wake. Hufanywa jioni, baada ya masomo, nyuma ya bwalo au chini ya mti, katika shule za wasichana kuanzia Nyeri na Karatina hadi Embu na Meru. Mtahini ni binti wa kidato cha pili aliyeufaulu mwaka jana, na hakuna profesa mkali kumshinda. Mpaka ajibu, mgeni hatoi ahadi wala havai beji ya majani matatu.

Kwanza, mtihani huu una huruma. Swali lisilokosekana ni siku ya kuzaliwa ya mwanzilishi. Robert Baden-Powell alizaliwa tarehe 22 Februari 1857. Mkewe Olave, Mkuu wa Guides wa dunia tangu 1930, alizaliwa tarehe 22 Februari 1889. Nitajieni mtihani mwingine ambao mume na mke walikubaliana kuzaliwa siku moja ili kumpunguzia mtahiniwa kazi! Wala hawakuishia hapo. Walikuja kuishi Nyeri, katika nyumba ya Paxtu kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan. Mzee akafa tarehe 8 Januari 1941, akazikwa mjini humo. Mama alifia Uingereza mwaka 1977, majivu yake yakaletwa kando ya mumewe. Juu ya jiwe la kaburi pamechorwa duara lenye nukta katikati, alama ya njiani yenye maana ya "nimekwenda nyumbani." Hilo nalo ni swali. Mwenzao wa Poland husumbuka na kitabu. Msichana wa Nyeri huenda kwa miguu kuliangalia jibu, na mwalimu akaiita ziara ya mafunzo.

Sifa ya pili ni ushujaa. Guides husalimiana kwa mkono wa kushoto, na mtahiniwa sharti aeleze kwa nini: ni mkono ulio karibu na moyo, na ndio mkono wa ngao, asiyeogopa huiweka chini. Jibu hilo hupata alama zote chini ya mti. Likizo ikifika, hebu amnyoshee cucu, nyanya yake, mkono huo huo, kisha aanze kumfafanulia habari za ngao.

Mafundo nayo yasisahaulike. Binti hujifunza kuunganisha kamba mbili macho yakiwa yamefumbwa, akapigiwa makofi. Nyumbani, ng'ombe humfunga kwa fundo alilofundishwa na baba yake, kwa kuwa ng'ombe hajui lile la mtihani.

Lakini ukarimu wake ndio unaonishangaza zaidi. Wajukuu wa watu waliofungiwa katika vijiji vya mitaro na seng'enge wakati wa Hali ya Hatari hukariri siku ya kuzaliwa ya jenerali wa Kiingereza bila kukwama. Waulize mpigania uhuru Dedan Kimathi, aliyekamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 na kushtakiwa Nyeri hiyo hiyo, alizaliwa lini. Watakuomba muda wa kufikiri. Mtihani hauwalaumu, ni muungwana, hauulizi yasiyo katika mtaala wake.

Na anayeanguka? Hurudia Ijumaa inayofuata. Mtahini humnong'oneza sehemu ya tatu ya ahadi, wenzake wanajifanya hawakusikia, beji inavaliwa, nyimbo zinaanza. Hakuna gredi, hakuna jina gazetini, hakuna mzazi aliyeuza shamba.

Basi ninaliomba Baraza la Mitihani la Kenya lijifanye halikusoma ukurasa huu. Likiugundua mtihani huu litaununulia kontena.