Mahakimu wa Rumba Pale Mboko

Pale Mboko, mashariki mwa Kongo, kando ya barabara iendayo Baraka, kila spika ina hakimu wake, na kesi ya mwimbaji Fally Ipupa haijafungwa tangu 2017. Mwaka huo alitoa Tokooos, albamu aliyowaalika wageni kama Booba, R. Kelly na Aya Nakamura. Wazee wakatikisa vichwa: huyu mtoto wa bendi ya Quartier Latin ametupa rumba, anatuimbia Paris.

Mwaka 2018 ikaja Control, na rumba ikarudi na seben zake, zile sehemu za gitaa za kuchezea. Basi wazee walifurahi? Hata. Sasa nyimbo zikawa nyingi mno, na katika Droit Chemin ya 2006, wanasema, ndipo kijana aliimba kwa adabu. Vijana nao wakalalamika kwamba kaka yao amezeeka.

Formule 7, mwishoni mwa 2022, iliwapa wote: rumba ndefu na midundo ya mjini. Kila upande ulihesabu nyimbo za mwenzake ukaona umepunjwa.

Uchungu wa kulilia asili ya rumba ndio unaochekesha zaidi. Muziki wenyewe, ulioingia orodha ya UNESCO Desemba 2021, ulinoga kwa santuri za Kyuba zilizopigwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, tangu miaka ya 1930. Anayelilia usafi wake anatetea mchanganyiko alioukuta umekwisha kupikwa.

Na albamu nzima nani kaisikiliza? Kijana anayetia nyimbo kwenye kadi za simu huweka tatu, zile anazozipenda yeye.