Simba wa Uskoti Ashuka Mogogosiek

Ukija Mogogosiek na jina lako tu, bado hujasema lolote. Jina ni la kukuitia chai. Wazee wa huku Konoin wanataka kujua u mtoto wa nani, wa ukoo upi, na mnyama wa ukoo wenu ni nani. Hapo ndipo wataamua kama binti wa nyumba hii unaweza kumposa au ni dada yako.

Mskoti wetu hakujua hayo. Alikuja na faili. Kwao vizazi, ndoa na vifo vimeandikishwa na serikali tangu 1855, na kabla ya hapo kuna vitabu vya makanisa, kimojawapo cha tangu 1553. Babu yake, alisema, alikuwa fundi wa mitambo kwenye shamba moja la chai pande zetu. Hilo halikumshangaza mtu. Kampuni ya Finlay ilianzia Glasgow mwaka 1750, ikafika Kericho miaka ya 1920, na Waskoti tumewazoea.

Kilichoshangaza ni sketi. Alitaka apigwe picha katikati ya majani chai akiwa amevaa kilti ya ukoo wake, nyekundu yenye mistari ya kijani. Kilti kamili hula karibu mita saba za kitambaa cha sufu, na aliyeibuni hakuwahi kupanda bodaboda. Kukaa upande kama mama aendaye kanisani mgeni alikataa. Akapanda kiume, nami mkalimani nyuma yake nikishikilia mikunjo isipepee. Mvua ya alasiri ikatukuta mteremkoni. Sufu ikanywa maji mpaka ikawa nzito kama kondoo mzima, pikipiki ikateleza, na sote watatu tukaketi kwenye tope, taratibu, kana kwamba tumekaribishwa. Akina mama waliokuwa kwenye foleni ya kupimiwa majani walitua vikapu vyao ili wacheke vizuri. Mtoto mmoja akakimbia kutangaza kwamba ameona Mmasai wa kizungu.

Tulifika kwa mjomba wangu, ambaye kijiji kizima humwita Boiyo, tukitiririka maji.

"Ukoo gani?" Boiyo akauliza kabla ya karibu.

"MacGregor."

"Mnyama?"

Mgeni akafungua bruchi kifuani. Boiyo akavaa miwani, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango. Kichwa cha simba, na taji juu.

"Simba," akasema. "Huyu ni Talai."

Nyumba ikanyamaza. Talai ni ukoo wa simba, ukoo wa orkoiik, watu waliosifika kwa kuona yajayo na kuongea na mvua. Mkoloni aliwaogopa kiasi cha kuwatungia sheria yao peke yao mwaka 1934, akawang'oa Kericho na kuwatupa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, kwenye mbung'o na malaria. Nilipomtafsiria, mgeni akaacha kukamua soksi. Akasema na MacGregor walipigwa marufuku, mwaka 1603. Kulibeba jina hilo tu kulitosha kukuua, na marufuku haikufutwa kabisa mpaka 1774.

"Ni nani aliyewafanyia hivyo?"

"Mfalme James. Mwaka huohuo alirithi na kiti cha Uingereza."

"Ndio haohao," Boiyo akasema, akamsogezea kigoda.

Habari ilifika sokoni kabla kilti haijakauka. Wa kwanza kubisha hodi alikuwa dereva wa bodaboda, kurudisha nauli. Hakutaka neno na simba. Akaja jirani kuuliza bonasi ya chai mwaka huu itakuwa shilingi ngapi kwa kilo. Akaja kijana na simu yake ya kamari, anataka matokeo ya Jumamosi. Mgeni aliwajibu wote kwamba hajui. Wakaondoka wameridhika kabisa, maana orkoiyot wa kweli hasemi ovyo.

Ila babu mwenyewe hakupatikana. Faili lilikuwa na majina yake matatu na tarehe ya ubatizo, na Boiyo, aliyefanya kazi kiwandani miaka mingi, hakulijua hata moja. Vibarua hawakuwaita wakubwa kwa vyeti. Mpaka picha ilipotolewa, mzee akapiga goti lake kofi.

"Bwana Kesho!"

Ukiomba buti, kesho. Ukiomba ruhusa ya mazishi, kesho. Kogo, mkewe, akarukia mazungumzo, akatueleza kwamba kwetu karatasi hazihitajiki: mtoto akizaliwa, akina mama hutaja majina ya marehemu mmoja mmoja, na ugoro kidogo puani, mpaka apige chafya. Jina lililomtoa chafya, huyo ndiye aliyerudi. "Sasa huyu Kesho wenu," akaanza.

Mgeni, aliyeloa tangu saa nane, akapiga chafya. Mara mbili.

Kogo akapiga kigelegele. Mgeni alipewa mursik kwenye kibuyu, akanywa bila kukunja uso, na kabla ya kulala alikuwa ameingizwa kwenye kundi la WhatsApp la familia kama Arap Kesho. Ujumbe wa kwanza alioupokea ulikuwa orodha ya harambee ya karo, jina lake likiwa la nne, na mweka hazina, anayewajua watu wake, alikuwa ameandika mbele yake kwa herufi kubwa: LEO.