Kuku Haheshimu Masale

Watani wa Wapare, hasa Wachaga, wana mzaha wao wa siku nyingi: Mpare akiibiwa kuku, atauza ng'ombe aifuate kesi mpaka mwisho. Wapare wenyewe huucheka, kisha huuliza huyo kuku alikuwa wa rangi gani.

Anayetaka kujua mzaha huo unapata wapi nguvu apande Ugweno, kaskazini mwa milima ya Upare, katika wilaya ya Mwanga iliyomegwa kutoka wilaya ya Pare mwaka 1979. Shighatini, Msangeni au Kifula, nyumba zimekaa mteremkoni, na kila nyumba imezungukwa na migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa maharage. Na ukifunua majani chini ya maharage, utamkuta kuku. Mpaka kati ya shamba na shamba ni mstari wa mimea ya masale. Watu wanauheshimu. Kuku hajawahi kuambiwa.

Mwalimu mmoja mstaafu wa huko alirudi nyumbani na kiinua mgongo na mpango ulioandikwa kwenye daftari: mayai yatauzwa, samadi itaingia bustanini, mboga zitaliwa, mabaki ya mboga yatarudi kwa kuku. Kwenye karatasi, mzunguko huo haukuwa na tundu. Mkewe, aliyefuga kuku tangu usichana wake, aliusoma wote, akauliza swali moja tu.

“Mwalimu, uzio uko ukurasa wa ngapi?”

Uzio haukuwamo. Masika yakishapita, milima huingia kwenye baridi na ukungu, na bustani ya kiangazi hutegemea mfereji. Maji hukusanywa usiku kwenye ndiva, bwawa dogo walilorithi kwa wazee, na asubuhi hufunguliwa kwa zamu. Zamu ya mwalimu ilipofika, matuta ya sukuma wiki na kabichi yalilowa vizuri. Udongo uliolowa huleta minyoo juu. Kabla ya saa nne, kuku wote walikuwa kazini, na miche ilikuwa imelala ubavu.

Kuku hachakuri kwa ukorofi. Asili yake ni kuku mwekundu wa porini, wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, ndege anayeishi kwa kupekua majani makavu akitafuta wadudu na mbegu. Mifupa iliyofukuliwa Thailand inaonyesha kwamba amekuwa akiishi na watu kwa zaidi ya miaka 3,000. Tabia ya umri huo haiondolewi kwa kupiga makofi na kusema “shii!” Mwalimu alipanda miche upya. Kuku wakaikagua upya.

Samadi nayo ilikuwa na neno lake. Mbolea ya kuku ni kali kuliko ya ng'ombe kwa sababu ina nitrojeni nyingi, na ikiwa mbichi amonia yake huunguza mizizi. Wanaoijua huirundika pamoja na majani makavu na kuiacha iive kwa miezi. Mwalimu aliizoa bandani asubuhi, jioni ikawa shinani mwa kabichi. Kabichi zikaungua kingo na kujikunja, rangi ya tumbaku. Mjukuu aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam alidhani ni aina mpya, akaomba apigwe nazo picha.

Kisha wakaja kuku chotara. Mwalimu aliwanunua Moshi wakiwa vifaranga, wakapandishwa mlimani ndani ya boksi lenye matundu, magotini mwake, huku abiria wenzake wakitoa ushauri kwa zamu. Kifaranga wa juma la kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 za selsiasi. Usiku wa Julai Ugweno, mtu mzima hulala na blanketi na bado hujikunyata. Banda halikufaa, wakaingia sebuleni, chini ya balbu. Taarifa ya habari ya saa mbili ikawa inasikilizwa kwa kukisia. Mchungaji alipokuja kuwatembelea na kuomba, aliyeitikia “amina” hakusikika.

Siku ya chanjo ndiyo iliyowatoa jasho. Mdondo, wengine huuita kideri, ni ugonjwa unaoweza kufagia banda zima kwa siku chache. Wazungu waliupa jina la mji wa Newcastle, Uingereza, baada ya mlipuko wa mwaka 1926. Chanjo inayowafaa wafugaji wa vijijini ni I-2, iliyobuniwa Australia na ambayo hutengenezwa pia nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Hustahimili joto kuliko chanjo nyingine, na utaratibu wake ni mwepesi: tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu.

Utaratibu ni mwepesi. Kuku ndiye mzito. Kwa kuwa haoni vizuri gizani, akishapanda kwenye fito jioni hukamatwa kwa mkono mmoja. Mwalimu alitaka kuyaona matone yakidondoka, akapanga zoezi saa tano asubuhi. Mjukuu aliteleza akamaliza sukuma wiki iliyokuwa imesalia. Mke wa mwalimu alimtupia jogoo kanga, akabaki na kanga na unyoya mmoja wa mkia. Tone moja likamwingia mwalimu mwenyewe, na kwa kuwa virusi vya mdondo huweza kumpa binadamu wekundu wa macho, alishinda amevaa miwani ya jua kwenye ukungu. Hesabu ilipofungwa, waliochanjwa walizidi kuku wa nyumba hiyo kwa mmoja.

Jirani alifika kabla ya chai ya jioni.

“Shikamoo mwalimu. Kuku wangu umemtia nini jichoni?”

Hilo lilimalizwa kwa chai. La pili lilikuwa zito zaidi. Mtetea mwekundu wa mwalimu alipotea. Alilaumiwa mwewe, akalaumiwa nguchiro, mwisho akalaumiwa mjukuu kwa kutofunga banda. Yai la kuku huanguliwa kwa siku 21, na siku hizo zilipotimia mtetea alitokea upande wa pili wa masale, amevimba kwa hasira, nyuma yake msafara wa vifaranga. Nyuma ya vifaranga alikuja jirani.

Hoja za jirani zilikuwa zimepangwa. Mayai yalitagiwa chini ya kahawa yake. Yaliatamiwa juu ya majani ya migomba yake. Na baba wa watoto alikuwa jogoo wake wa kishingo, na ushahidi ulionekana: jeni ya kishingo hujitokeza hata ikitoka kwa mzazi mmoja tu, na vifaranga kadhaa walikuwa na shingo tupu. Mwalimu alijibu kwamba mama ni wake, na kwamba mahindi yaliyotengeneza yale mayai yalitoka kwenye debe lake.

Likatajwa baraza la kata, chombo kilichowekwa na sheria ya mwaka 1985, ambamo wakili haruhusiwi kumsimamia mtu. Hilo halikumtisha yeyote. Hawa ni wajukuu wa watu ambao mwaka 1945 waliteremka kwa maelfu hadi Same na kupiga kambi kuipinga kodi ya mbiru ya serikali ya kikoloni, mpaka ikafutwa. Subira ya kufuatilia jambo haikuanza na kuku. Akaitwa kwanza balozi wa nyumba kumi. Alisikiliza pande zote mbili, akawatazama vifaranga, akatoa hukumu: wasubiriwe wakue, wanaoota upanga waende kwa jirani, mitetea ibaki kwa mwalimu.

Mwewe hakuisubiri hukumu. Alikuja mara kadhaa kuchukua fungu lake, na nguchiro naye akaomba marejeo usiku. Waliofika umri wa kuota upanga walikuwa wachache, na wote wakaota. Jirani akashinda kesi nzima. Kwa kuwa ushindi usio na mashahidi hauna ladha, alichinja mmoja na kumwalika mwalimu na nyumba yake. Likabaki suala la firigisi, ambayo kwa kawaida ni ya baba mwenye nyumba, na mwalimu alikuwa tayari amekaa sawa kuzungumzia haki za upande wa mama. Mke wa jirani aliiweka kwenye sahani ya balozi.

Kesi hiyo iliacha somo la kuwatia kuku alama. England, tangu Oktoba 1, 2024, mwenye kuku hata mmoja anatakiwa kujisajili serikalini. Ugweno usajili ni kitambaa kilichofungwa mguuni, na mke wa mwalimu ameshawafunga kuku wake wote. Mwalimu naye amejenga uzio wa mabanzi.

Msomaji unayepanga bustani ya kiangazi, jenga uzio wako kabla ya mche wa kwanza, iache samadi iive, na chanjo ifanye jioni kuku wakiwa wamepanda kwenye fito. Kabla ya kufungua kichupa, wahesabu walio wako.