Ngumbaru wa Digrii

Siku ya mahafali yangu mpiga picha alinitazama kuanzia kofia hadi viatu, kisha akaniambia kwa adabu zote: "Shikamoo mzee. Mrudishie mtoto joho lake tupige picha ya mhitimu kwanza, wazazi watafuata." Mtoto mwenyewe ni binti yangu wa kidato cha pili, aliyekuja kunivisha shada la maua.

Simlaumu sana yule kijana. Kwenye mahafali ya kwetu wazazi huazima joho la mtoto wakapiga picha ya kutundika sebuleni, kwa hiyo mwenye mvi akionekana ndani ya joho anahesabiwa kuwa ameazima. Langu nililikodi kwa pesa yangu. Risiti ninayo.

Nina miaka 44 na miezi saba. Digrii yangu ni ya usimamizi wa rasilimali watu, na nimeisoma jioni, nikishafunga duka la vifaa vya ujenzi la Buguruni ninakouza saruji na misumari. Wenzangu niliomaliza nao kidato cha sita siku hizi wanalalamikia presha na magoti. Mimi ndiyo kwanza nalalamikia GPA. Sababu ya kuchelewa ni ya kawaida: baba alifariki, nyuma yangu kulikuwa na wadogo watatu, na ada hailipwi mara mbili kwa mfuko mmoja. Wakasoma wao. Kitinda mimba sasa ni mhandisi, na kila akinipigia simu huniuliza: "Hivi kaka, kwa nini wewe hukusoma?"

Chuoni kilichonitesa si masomo, ni shikamoo. Nikiuliza kwenye kundi letu la WhatsApp saa nne usiku kama kuna mwenye noti za sheria za kazi, zinaingia shikamoo kumi na saba. Naitikia marahaba moja moja, kwani mtoto wa mtu hapuuzwi, mpaka bando linakata na noti sijaziona. Kwenye kazi za kikundi nilikuwa nagombewa kama mpira wa kona. Nikadhani ni hekima zangu. Kumbe katika darasa zima mwenye mshahara nilikuwa mimi, na gharama za kuchapa na kutoa kopi zilikuwa na jina rasmi: "mchango wa mzee".

Nilipomaliza nikapewa fomu ya kuaga chuo, ile tunayoiita kliaransi. Lazima isainiwe maktaba, bwenini na idara ya michezo. Bwenini sijalala hata usiku mmoja. Michezo nilisimama dakika arobaini nikisubiri afisa athibitishe kwamba sina jezi ya chuo. Akalitazama tumbo langu, akasaini bila kufungua daftari.

Kisha ikaanza safari ya ajira. Matangazo ya kazi za serikali yana mistari ambayo sasa naikariri kama sala. Mmoja unasema matokeo ya muda hayatakubaliwa, nikakaa miezi minne nikisubiri cheti chenyewe. Mwingine unadai wadhamini watatu wa kuaminika. Nikamwendea mhadhiri wangu, kijana mpole niliyemzidi miaka kumi na mitatu, akaniuliza: "Sasa mzee, mimi nikuthibitishe tabia wewe?" Na upo ule wa umri: mwombaji asizidi miaka 45, isipokuwa aliye tayari kwenye utumishi wa umma.

Huo wa umri nilitaka kuulaani, lakini nikiwa juu ya bodaboda nikapiga hesabu. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Kutoka 45 hadi 60 ni miaka 15, yaani miezi 180. Na ili mtu apate pensheni ya kila mwezi anatakiwa awe amechangia angalau miezi hiyo hiyo 180. Sisemi ndiyo sababu ya masharti yale. Nasema hesabu imelingana mpaka nikamwambia dereva asimame nishuke. Tajiri wangu dukani neno NSSF hulisikia kama jina la ugonjwa, kwa hiyo michango yangu mpaka leo ni sifuri. Ukiniajiri leo, nitafika mwisho na miezi mitano ya ziada. Ndiyo akiba yangu yote: miezi mitano. Nikiugua malaria mara mbili na tangazo likachelewa, tumeshapitana.

Nikajaribu kampuni moja binafsi. Tangazo lake lilitaka umri kati ya miaka 25 na 35. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inautaja umri miongoni mwa mambo ambayo mwajiri hapaswi kumbagulia mtu. Nalijua hilo kwa sababu lilikuja kwenye mtihani, alama 20, nikapata 17. Nikatuma maombi kwa kiburi cha zile 17.

Wakaniita. Msaili alikuwa binti mwenye miaka ishirini na kitu. Alipoinua uso akaniona, akasimama: "Shikamoo baba." Nikajibu: "Marahaba mwanangu."

Usaili ukafia hapo. Mtu akishakuamkia, huwezi tena kumwomba kazi, na yeye hawezi kukubana kwa maswali. Tulibaki tunaoneana haya. Aliniuliza kama nimepata chai. Nikamuuliza wazazi hawajambo. Mwishowe akajikaza: "Baba, hii nafasi ni ya kuanzia. Utakubali kutumwa?" Nikamwambia natumwa tangu hajazaliwa. Akauliza uzoefu. Nikamweleza: miaka ishirini naajiri vibarua wa kupakia, nawalipa kila Jumamosi, naamua ugomvi wao, na nimewahi kumfukuza mwizi wa nondo bila kesi na bila ngumi. Akaandika kidogo, akasema kwa huruma: "Huo siyo uzoefu wa fani, baba." Nilikaa darasani miaka minne nikifundishwa kwamba hayo hayo ndiyo fani. Akanisindikiza hadi mlangoni, akanibebea bahasha yangu. Mtoto ana malezi mazuri sana. Simu hajapiga.

Nikilalamika, watu wananifariji kwa maneno matatu: elimu haina mwisho. Nayajua. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na bibi yangu alikuwa mmoja wa ngumbaru waliokaa chini ya mwembe na kibao mkononi. Alisoma ili aweze kuisoma mizani, karani wa pamba asimpunje. Msimu uliofuata akaisoma, na karani akanyooka. Bibi hakuulizwa umri wala wadhamini. Mimi ngumbaru wa digrii nimesoma mizani nzima ya rasilimali watu, na ninachokisoma humo ni uzito wangu mwenyewe: miezi mitano. Elimu haina mwisho, sawa. Ajira inao, na umeandikwa kwenye tangazo.

Tajiri nilipomwonyesha cheti alikigeuza nyuma na mbele, akasema: "Hongera sana. Sasa ile hesabu ya saruji ya jana imekaaje?" Mshahara haujatikisika.

Basi nimekitundika dukani, juu ya rafu ya misumari ya inchi nne. Asubuhi ya leo mteja wa kwanza alikitazama kwa muda mrefu, nikavuta pumzi nikijiandaa kupongezwa. Akauliza: "Mzee, hiyo fremu bei gani?"

Fremu ni shilingi 15,000. Cheti hakiuziki, nimeshajaribu.