Ujasiri wa Mkekani

Tuwapongeze wanamichezo wa baiskeli za milimani kwa kujenga ujasiri wa akili. Kabla ya kuikabili Uluguru, milima yenye kilele kinachopita mita 2,600, hukaa mkekani, hufumba macho, huvuta pumzi, hujiambia: naweza. Breki za haidroliki, kofia ngumu kichwani, ambulansi inasubiri chini. Kwa mazingira hayo, nani asingetetemeka?

Yule wa mkaa anayeteremka kuelekea Morogoro mjini na magunia nyuma ya baiskeli yake ya Phoenix, breki yake katambuga aliyoikandamiza kwenye tairi, tusimchanganye humu. Hana kocha. Pumzi anavuta kiholela. Wenzake wakifika watavishwa medali. Yeye, kwenye kizuizi cha barabarani, atakatiwa risiti ya ushuru.