Docta Flashi Anajibu: Mtapeli Hasubiri Sombe

Kwa wageni wa safu hii, jina ni Docta Flashi, tekinisia wa telefoni, kompyuta, redio na, mvua zikianza, miavuli. Meza yangu iko Makiso, hapa Kisangani, hatua chache kutoka soko kuu, chini ya parasoli nyekundu iliyobaki na matobo mengi kuliko kitambaa. Udokta sikupewa na chuo. Nilipewa na wateja, na mteja hakosei, ila siku ya kulipa. Umeme haupo tangu jana, kwa hiyo naandika kwa tochi ya Nokia 1100, telefoni iliyotoka mwaka 2003, ikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na ambayo hadi leo haijapata virusi kwa sababu haina habari kwamba kuna intaneti. Nikiitazama napata wivu.

*«Docta, kijana amenipigia. Anasema jina langu limetoka kwenye orodha ya fidia za Vita ya Siku Sita, nimsomee tarakimu sita zilizoingia kwa SMS ili pesa ipite. Amenipa dakika kumi. Nimsomee? – Mama wa Mangobo»*

Mama, heshima kwako. Umefanya vizuri kuniandikia mimi na kumwacha yule jirani yako anayejiita mtaalamu kwa kuwa ana bisibisi tatu. Zile dakika kumi ziliisha kabla barua yako haijapanda baiskeli ya toleka kuja hapa, basi tuna nafasi ya kuzungumza taratibu. Jibu linakuja.

Umewaona wavuvi Wagenia wakitega samaki. Wewe umewaona, nawaeleza wasomaji wangu wa Dar es Salaam, ambao ni shemeji yangu. Pale kwenye maporomoko wanasimamisha magogo katikati ya maji, wanayafunga kwa kamba za msituni, kisha wananing'iniza vikapu vyenye mdomo mpana kama mlango wa kanisa na mkia mwembamba. Niliwahi kukaa juu ya jiwe asubuhi nzima nikitazama kikapu kimoja, huku mteja akiningoja mezani. Kikapu hakikumfukuza samaki hata mmoja. Maji ndiyo yanafanya kazi. Yanakuja kwa nguvu, yanamsukuma samaki hadi ndani kabisa, na kwa kuwa hayaachi kumsukuma, hapati nafasi ya kugeuza kichwa. Wazungu nao wameuita utapeli wa mtandaoni uvuvi, wakabadilisha herufi ya mwanzo ili uonekane una digrii.

Dakika kumi za kijana wako, Mama, ni yale maji.

Mimi sitegeki. Nimepigiwa na mawaziri wawili, mjane mmoja wa jenerali na meneja wa benki ambayo haijawahi kujengwa, na wote niliwapasua kama samaki. Zile dola arobaini nilizomtumia mjane zilikuwa gharama za utafiti. Mama Flashi anaziita kwa jina jingine, lakini yeye si mtu wa sayansi.

Huyu wako ni mvuvi wa daraja la juu. Mjane wa jenerali hakuwepo, fidia ipo. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa mizinga ndani ya mji wetu. Nilikuwa chini ya kitanda na redio ya baba, na hapo sina mzaha. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule Hague iliamua Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa yale liliyoyatenda jeshi lake nchini mwetu, milioni 65 kila mwaka kwa miaka mitano. Na FRIVAO, mfuko wa kuwagawia wahanga, makao yake yako hapahapa Kisangani. Kuna watu mji huu wanaolala na kuamka wakingoja jina lao lisomwe. Mtapeli wa namna hii hana haja ya kutunga hadithi. Anakuja penye foleni ya watu wenye haki yao, anashika karatasi, anajifanya karani.

Tarakimu sita hazihusiani na pesa yoyote. Soma SMS hadi mwisho, usiishie kwenye namba: imetoka WhatsApp. Kijana ameandika namba yako kwenye telefoni yake, na WhatsApp imekuletea wewe tarakimu ili ijue kama mwenye namba ni yeye kweli. Ukimsomea, anakuwa wewe. Saa hiyohiyo dada zako na wanakwaya wenzako wote wanapata ujumbe: niko hospitali, nitumie dola ishirini kwa M-Pesa, kesho nitarudisha. Mama Flashi aliwahi kupata ujumbe kama huo kutoka kwangu wakati tumekaa sahani moja tunakula kwanga. Sipendi kulizungumzia.

Dawa ya dukani ni hii. Ndani ya WhatsApp kuna Mipangilio, kisha Akaunti, kisha uthibitishaji wa hatua mbili. Pale unaweka tarakimu sita zako mwenyewe, ambazo haziji kwa SMS na hasomewi mtu, hata mchungaji. Aliyekwisha kuibiwa ajiandikishe upya kwa namba yake. Tarakimu mpya zikiingia kwake na akaziandika, mwizi anatupwa nje. Kama mwizi naye alishaweka hatua ya pili, utangoja siku saba ndipo urudi ndani, na siku hizo uwapigie watu wako mmoja mmoja kwa sauti yako.

Dawa yangu mimi ni sombe. Kijana akisema haraka, mjibu: mwanangu, nimeteleka sombe, ikiiva nitakupigia. Nasema sombe ya kutwanga kwa kinu, ya mawese, ile inayokaa jikoni mpaka watoto wanarudi shule. Nimeijaribu kwa watapeli kumi na mmoja. Kumi walikata nikiwa bado kwenye majani. Wa kumi na moja aliuliza kama nitatia samaki. Huyo namheshimu.

Bado sijakujibu, najua. Kuna mwenzako anangoja.

*«Docta, wanasema neno la siri liwe na herufi kubwa, namba na alama, na libadilishwe kila mara. Nimesahau sita mwaka huu. – Mwanafunzi wa UNIKIS»*

Mwanangu, la kwangu halijavunjwa hata siku moja. Siwezi kukuambia ni lipi. Nitasema tu kwamba ni jina la mbwa wangu na mwaka aliozaliwa, na hapo hata mashine za Marekani zitakwama.

Hiyo sheria inayokutesa ina mwenyewe. Anaitwa Bill Burr. Mwaka 2003, akiwa mtumishi wa taasisi ya viwango ya Marekani, aliandika mwongozo: changanya herufi kubwa na alama, badilisha kila baada ya siku tisini. Dunia nzima ikatii. Watu wakafanya unavyofanya wewe, wakaweka «Kisangani1!», na siku tisini zikiisha «Kisangani2!». Mwaka 2017, ameshastaafu, akaliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba mengi ya aliyoyaandika anayajutia. Mwaka huohuo taasisi yake ikageuza mwongozo: acheni kuwasumbua watu na alama, urefu ndio nguvu, na usibadilishe mpaka uwe na sababu.

Angekuja kwetu mapema angepumzika. Teremka mto kidogo tu, nenda kwa Walokele upande wa Yakusu. Lokole yao, ule mti uliochimbwa tumbo na kuachwa na mdomo mrefu, ina sauti mbili: ya juu na ya chini. Kwa sauti mbili maneno mafupi yanafanana yote. Ukipiga «mwezi» mwenzako ng'ambo anaweza kusikia «kuku». Kwa hiyo mpigaji hapigi neno, anapiga sentensi nzima, jina pamoja na sifa zake na tabia zake, mpaka hakuna kinachobaki cha kufananisha. Mmisionari Mwingereza, John Carrington, alikaa Yakusu akajifunza kuipiga mwenyewe, na mwaka 1949 akaitolea kitabu. Neno fupi linapotea, refu linafika: wazee wale waliyajua hayo bila siku tisini za mtu.

Basi tunga kama mpigaji wa lokole. Maneno manne au matano yasiyojuana, Kiswahili na Lingala yapigane humo, kitu cha kuchekesha ili kisitoke kichwani: «parasoli alewa Lubunga likambo ya bokilo». Hilo usilitumie, limeshachapwa. Na neno la barua pepe lisiwe lile la Facebook, maana mwizi akipata moja anazunguka nalo milango yote kama mtu aliyeokota ufunguo. Ukiyasahau, yaandike kwenye daftari na daftari liache nyumbani. Watu watakucheka. Mwizi aliyeko mji wa mbali hawezi kufungua kabati lako, na aliyeko nyumbani kwako haibi neno la siri, anaiba telefoni yenyewe.

Ila usinielewe vibaya kuhusu lokole. Haikuwa na siri hata kidogo. Iliyopigiwa mtu mmoja ilisikiwa na vijiji vitatu. Leo kazi hiyo inafanywa na kundi la familia kwenye WhatsApp. Tangu 2016 ujumbe wa WhatsApp unafungwa kwa kufuli kutoka kwako hadi kwa mpokeaji, hata kampuni yenyewe haiusomi. Lakini wapokeaji wakiwa themanini, akiwemo shangazi yako, kufuli la nini?

*«Docta, telefoni yangu ilianguka mtoni nikivuka kwa pirogi. Imekaa kwenye mchele siku tatu. Haiwaki. – Papa wa Lubunga»*

Papa, pole. Na mchele umeula? Nauliza kwa sababu mchele ndio mgonjwa wa pili. Mwaka 2024 Apple wenyewe waliwaonya wateja wasitie telefoni ndani ya mchele, kwamba vipande vidogo vyaweza kuingia na kuiharibu. Mimi nimeshatoa punje kwenye tundu la chaji kwa sindano ya mke wangu, na punje moja ilikuwa imeanza kuiva.

Kinachoua telefoni mara nyingi ni haraka ya mwenyewe. Inatoka majini, anabonyeza iwake, haiwaki, anaichomeka kwenye chaji, na umeme unakutana na maji ndani. Ungeizima, ukatoa laini na kifuniko, ukaifuta, ukaisimamisha tundu likitazama chini mahali penye upepo, ukaiacha. Siku mbili. Chaji mbali.

Mimi naianika pamoja na makayabu. Kanuni ni ileile ya kutoa maji, na samaki wa chumvi amekaa kwenye kazi hiyo miaka mingi kuliko Apple. Nimefufua tatu. Zinafanya kazi vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba zikiita paka wanakuja. Mbwa wangu Kapitene, ambaye tangu azaliwe mwaka 2014 hajawahi kugusa kitu cha mteja, alibeba ya nne mpaka uvunguni.

Na usihuzunike sana. Ndani ya telefoni ile kuna tantali, inayotoka kwenye koltani, na koltani nyingi ya dunia imechimbwa Kivu, Rubaya na kwingineko, kwa chepeo na mikono. Ikasafiri hadi Asia, ikapikwa, ikavalishwa kioo, ikarudi kwetu na bei ya kutisha. Kisha wewe ukaiangusha ndani ya mto Kongo. Inaonekana mtoto alikuwa anajaribu kurudi nyumbani.

*«Docta, nitajuaje kama telefoni niliyouziwa ni ya kweli? – Kijana wa Kabondo»*

Bonyeza *#06#. Zitatokea namba kumi na tano. Zilinganishe na zile za kwenye kartoni. Zisipofanana, una telefoni ya mtu mwingine au kartoni ya mtu mwingine. Namba hizo serikali nayo ilizipenda: mwaka 2020 ilileta RAM, daftari la telefoni zote nchini, la kuwinda za bandia na za wizi, ada yake ikakatwa kwenye mayunite ya watu. Kelele zikafika bungeni, na mwaka 2022 ada ikafutwa. Wakati huo nilikuwa nimeandaa mashine yangu mwenyewe ya kutambua telefoni bandia kwa harufu, iliyokuwa na bomba la baiskeli na

Umeme umerudi! Nasikia mtaa mzima unapiga mayowe, na hapa mezani kuna telefoni kumi na saba na soketi moja, na wenye nazo wanakuja mbio. Mengine wiki ijayo. Mama wa Mangobo, usimsomee! Kata, funga namba yake, na swali la fidia lipeleke ofisini kwa miguu yako, penye meza na mtu mwenye uso.

Kijana wangu wa kazi, ambaye ndiye ananinakilia safu hii kwenye kompyuta, anauliza Kapitene anaandikwa kwa K au kwa C. Nimemwambia K. Sijui anaharakia nini.